Askofu wa Khartoum katika Dola ya Waturuki

Daniele Comboni, Mwitalia aliyekuwa askofu Mkatoliki wa Khartoum tangu 1877 hadi alipofariki 1881, alifanya kazi yake katika nchi ambayo kwa jina na kwa sheria ilikuwa ya Sultani wa Istanbul. Eneo alilokabidhiwa liliitwa Vikarieti ya Kitume ya Afrika ya Kati. Lilianza kusini mwa Misri, likachukua Sudani yote, likapanda Mto Nile Mweupe kuelekea maziwa makuu. Ulaya nzima haikuwa na jimbo la kulikaribia kwa ukubwa. Wakatoliki waliokuwamo walikuwa wachache mno: wafanyabiashara wa Kisiria na Kimisri, Wazungu wa hapa na pale, na watu waliotoka utumwani wakakimbilia misheni.

Sudani iliingia mikononi mwa Milki ya Osmani kwa mlango wa Misri. Muhammad Ali, gavana wa Sultani aliyejifanyia Misri kama nchi yake mwenyewe, alituma majeshi kusini mwaka 1820 kutafuta dhahabu na, zaidi ya dhahabu, watumwa wa kujaza jeshi lake. Miaka michache baadaye kambi ya askari ilianzishwa mahali ambapo Nile ya Buluu inakutana na Nile Nyeupe, na kambi hiyo ndiyo ikawa Khartoum. Watawala walikuwa mchanganyiko wa Waturuki, Waalbania, Wacherkesi na Wamisri, lakini wenyeji waliwaita wote kwa jina moja, Waturuki, na hadi leo Wasudani wanakiita kipindi hicho Turkiyya. Kodi ilikuwa nzito na viboko vilikuwa vingi. Mto ulileta pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo.

Askofu Mkatoliki angewezaje kuishi na kuhubiri katika utawala kama huo? Kwanza, Sultani alikuwa ametangaza mageuzi. Amri ya 1839 iliahidi raia wote usalama wa maisha na mali, na ile ya Februari 1856 ikaahidi usawa kati ya Waislamu na wasio Waislamu. Pili, kulikuwa na mikataba ya zamani kati ya Istanbul na mataifa ya Ulaya, iliyowaweka Wazungu chini ya konsuli wa nchi yao badala ya kadhi wa mji. Mtu mwenye ulinzi wa konsuli hakuguswa ovyo na askari wa pasha, yaani gavana, na bendera iliyopepea juu ya paa la nyumba yake ilikuwa ngao. Jambo moja lilibaki gumu. Mwislamu kubadili dini lilikuwa jambo ambalo mageuzi hayakulifungulia njia kwa vitendo, na mmisionari aliyejaribu kuwabatiza Waislamu hadharani angeihatarisha misheni nzima. Ndiyo maana mapadre walitazama kusini, kwa Wadinka, Wabari na Wanuba, watu wenye dini zao za jadi, ambao pia ndio waliokuwa wakiwindwa na wafanyabiashara wa watumwa.

Vikarieti yenyewe ilianzishwa na Papa Gregori XVI tarehe 3 Aprili 1846, Comboni akiwa mvulana wa shule. Kiongozi wa safari ya kwanza, Mjesuiti kutoka Poland aliyeitwa Maximilian Ryllo, alifika Khartoum na kufa huko Juni 1848. Aliyemfuata, Mslovenia Ignacij Knoblehar, ndiye aliyeipa misheni miguu. Alikwenda Vienna, akapata ufadhili wa Kaisari Franz Joseph, na kwa msaada wa Austria akapata firmani, yaani hati ya amri ya Sultani, iliyoiruhusu misheni kufanya kazi Sudani. Mwaka 1851 Austria ilifungua ubalozi mdogo Khartoum. Knoblehar alijenga nyumba kubwa ya mawe yenye bustani kando ya Nile ya Buluu, akasafiri kwa jahazi lake hadi Gondokoro, karibu na ulipo mji wa Juba leo. Homa iliwaangusha mapadre mmoja baada ya mwingine, na wengi hawakutimiza miaka miwili. Knoblehar mwenyewe alifia Napoli mwaka 1858, njiani kutafuta msaada.

Wakati huo Comboni alikuwa ameshafika. Alizaliwa tarehe 15 Machi 1831 Limone, kijiji cha wavuvi na wakulima wa malimau kando ya Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Luigi na Domenica, walitunza bustani za tajiri. Walizaa watoto wanane na kuwazika karibu wote, akabaki Daniele. Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Verona katika taasisi ya padre Nicola Mazza, aliyesomesha watoto wa maskini wenye akili. Mazza alikuwa pia akiwapokea na kuwasomesha vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, kwa hiyo Comboni aliishi jirani na Waafrika miaka mingi kabla hajaiona Afrika. Alipewa upadre mwishoni mwa 1854, na mnamo 1857 alisafiri na wenzake wa taasisi hiyo hadi kituo cha Msalaba Mtakatifu kwenye Nile Nyeupe, katika nchi ya Wadinka. Walianza kujifunza lugha. Wakaanza kufa. Padre Francesco Oliboni alifariki Machi 1858, na alipokuwa akikata roho aliwasihi waliobaki wasikate tamaa hata akibaki mmoja tu. Comboni alirudi Ulaya mwaka 1859 akiwa amedhoofishwa na homa, na kituo kikafungwa muda si mrefu baadaye.

Hesabu ya makaburi ndiyo iliyomfanya afikiri upya. Septemba 1864, akiwa Roma, aliandika mpango wa kurasa chache uliojengwa juu ya wazo moja: Afrika iokolewe na Waafrika wenyewe. Mzungu alikuwa anakufa bara, na Mwafrika aliyepelekwa kusoma Ulaya alikuwa naye anakufa kwa baridi au anarudi akiwa mgeni kwao. Basi vyuo vijengwe pembezoni mwa Afrika, mahali ambapo wote wawili wanaweza kuishi. Huko wasomeshwe mafundi, walimu, wauguzi, makatekista, masista na mapadre wa Kiafrika, kisha wao waingie ndani ya bara. Kwa mwaka 1864 hilo lilikuwa wazo la ujasiri mkubwa. Inafaa pia kusemwa kwamba Comboni aliirithi dhana ya wakati wake kuhusu Afrika iliyolala gizani ikisubiri kuamshwa, na lugha ya maandishi yake inamchoma msomaji wa leo. Tofauti yake na wengi wa zama zile ni kwamba alimkabidhi Mwafrika kazi yenyewe, wala hakumwona kuwa mpokeaji tu.

Cairo ikawa mahali pa kuanzia. Mwaka 1867 alianzisha Verona shirika la kuandaa wamisionari, na mwishoni mwa mwaka huohuo akafungua nyumba mbili Cairo, ya wavulana na ya wasichana. Miongoni mwa walimu waliotoka naye Italia walikuwamo wanawake wa Kiafrika waliosomeshwa Verona. Mmoja wao, Fortunata Quascé, alizaliwa katika milima ya Wanuba, akauzwa utotoni, akakombolewa na kulelewa Italia, kisha akarudi kufundisha wasichana waliopitia aliyoyapitia. Baadaye alijiunga na shirika la masista ambalo Comboni alilianzisha tarehe 1 Januari 1872, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa sista ndani yake. Fedha zilitoka kwa michango ya Wakatoliki wa kawaida wa Cologne, Lyon na Vienna, nayo ilimlazimu Comboni kuzunguka Ulaya kila mara akiomba. Katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870 alipeleka ombi kwa ajili ya Afrika ya Kati, akalitafutia sahihi za maaskofu 70. Vita vikaukatiza mtaguso na ombi halikujadiliwa.

Roma ilimkabidhi vikarieti mwaka 1872. Safari ya kutoka Cairo mapema 1873, akiwa na mapadre, masista na walimu wa Kiafrika, iliwachukua zaidi ya siku 90, kwa mashua pale mto uliporuhusu na kwa ngamia palipokuwa na jangwa. Waliingia Khartoum tarehe 4 Mei, na siku chache baadaye Comboni alihubiri kwa Kiarabu mbele ya watu wa mji. Alikumbuka miaka yake ya kwanza nchini humo na akawaahidi kwamba maisha yake yote ni yao. Juni akafika El Obeid, mji mkuu wa Kordofan, uliokuwa kituo kikubwa cha misafara ya watumwa. Mwezi huohuo, tarehe 5, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Zanzibar haikuwa chini ya Istanbul, Barghash alikuwa mtawala wa nasaba ya Omani, lakini Mapadre wa Roho Mtakatifu waliokuwa Bagamoyo tangu 1868 waliishi katika hali inayofanana sana na ya Comboni: wageni wa mtawala Mwislamu, wakilindwa na konsuli wa Ulaya, wakilea watoto waliotoka katika biashara ambayo mji mzima uliishi kwayo.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo la kazi ya Comboni. Ruhusa ya kuishi Sudani aliipata kwa dola, na dola hiyohiyo ilikuwa imekuja Sudani kutafuta watumwa. Kisheria soko la wazi la Khartoum lilikuwa limepigwa marufuku tangu miaka ya 1850. Kwa vitendo, misafara ilipita nje ya mji, na maofisa walikula humo humo. Zubayr Rahma Mansur, tajiri aliyekuwa na jeshi lake binafsi la kuwinda watu katika Bahr el Ghazal, alifanywa gavana wa eneo hilo na serikali ya Misri kwa sababu haikuweza kumshinda. Askofu angefanya nini? Hakuwa na askari. Alichokuwa nacho ni mlango wa misheni na bendera ya Austria juu yake. Mtumwa aliyeponyoka na kuufikia mlango huo alipokewa, bwana wake akija kudai, mazungumzo yalipitia kwa konsuli na kwa pasha. Comboni aliandika barua Roma na Vienna akieleza aliyoyaona njiani: watoto waliofungwa pamoja shingoni, wanawake walioachwa jangwani. Alidai marufuku iliyokuwa kwenye karatasi itekelezwe.

Kijana mmoja aliyeukimbilia mlango wa El Obeid mwaka 1873 alikuwa Mdinka aliyeitwa Farim Deng. Alikuwa ametekwa pamoja na mama yake na kuuzwa mjini. Yeye aliponyoka, mama akabaki. Alibatizwa Daniele, akajulikana kama Daniele Sorur Farim Deng. Comboni alimpeleka Roma mwaka 1877 kusoma katika chuo cha Propaganda Fide. Roma ilimwathiri kifua, akahamishiwa Beirut, na mwaka 1887 akapewa upadre Cairo, miaka 6 baada ya Comboni kufa. Padre Sorur aliandika kumbukumbu za maisha yake na hoja za kuwajibu Wazungu waliodai kwamba mtu mweusi ana akili pungufu. Aliandika akiwa padre Mwafrika ambaye hata ndani ya Kanisa alikutana na dharau. Alifariki mwaka 1900 karibu na Cairo, akiwa bado na umri wa miaka arobaini hivi. Anayetaka kuupima mpango wa 1864 na aanzie kwa Sorur, maana yeye ndiye aliyebeba gharama yake.

Comboni alifanywa askofu Roma tarehe 12 Agosti 1877. Siku 8 kabla, Misri na Uingereza zilikuwa zimetia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Kwa kuwa vikarieti si jimbo kamili, askofu wake hupewa jina la jimbo la kale lililokufa. Comboni aliitwa askofu wa Claudiopolis, mji wa Kikristo wa zamani uliokuwa Anatolia, katika kitovu cha milki ileile ambayo angefanya kazi pembezoni mwake. Kwa watu wa Khartoum alikuwa Mutran, neno la Kiarabu la askofu mkuu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa na Misa, kipaimara na ziara za vituo, lakini sehemu kubwa ilikuwa ofisi: barua kwa makonsuli, hesabu za madeni, maombi ya mashua na ngamia kwa gavana. Gavana mkuu wakati huo alikuwa Mwingereza na Mprotestanti, Charles Gordon, aliyeajiriwa na Khedivu Ismail wa Misri. Wawili hawa walielewana vya kutosha, na Gordon aliwasaidia wamisionari kwa usafiri wa meli za serikali.

Alirudi Khartoum Aprili 1878, akakuta nchi imekauka. Mvua zilikuwa zimekosa, nafaka ilipanda bei mara nyingi, na El Obeid maji yenyewe yalinunuliwa. Njaa ilifuatwa na mafuriko, mafuriko na homa. Katika miezi michache misheni ilizika mapadre, masista na mafundi wengi kiasi kwamba kuna wakati askofu alibaki karibu peke yake, akiwauguza wagonjwa na kuwachimbia kaburi. Deni lililala juu ya yote hayo. Na kulikuwa na ugomvi wa ndani, ambao vitabu vya sifa huupita haraka. Wakamiliani, watawa waliofanya kazi naye Berber, walimshtaki Roma kwamba anaendesha mambo vibaya. Makardinali walilichunguza shauri mwaka 1876 wakamwondolea lawama, na uaskofu ulikuja baada ya hapo, lakini barua zake za miaka ya mwisho ni za mtu aliyechoshwa na wenzake kuliko alivyochoshwa na jangwa. Mwaka 1878 pia Roma iliyakata maeneo ya maziwa makuu na kuwapa Mapadre Weupe wa Askofu Mkuu Lavigerie, ambao Februari 1879 waliwasili Buganda kwa kupitia Zanzibar. Comboni alikuwa na matumaini ya kufika huko kwa Mto Nile.

Mwaka 1881 alikwenda kwa mara ya mwisho katika milima ya Wanuba, ambako misheni ilikuwa na kituo Delen. Alizunguka vijiji akiandika jinsi Wabaggara wapanda farasi walivyovivamia na kuchukua watu, akaandaa mapendekezo ya kuyakomesha mashambulizi hayo na kuyapeleka serikalini. Juni mwaka huohuo, kwenye Kisiwa cha Aba katika Nile Nyeupe, Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi. Wasudani wengi walimfuata kwa sababu walichoka na kodi na viboko vya Waturuki, na wenye biashara ya watumwa walimfuata kwa sababu zao. Comboni alirudi Khartoum akiwa na homa. Oktoba wenzake kadhaa walikufa ndani ya siku chache, naye akawafuata usiku wa tarehe 10, akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa katika bustani ya misheni.

Ngao ya firmani na konsuli ilidumu mradi dola ilisimama. Mwaka 1882 jeshi la Mahdi liliwachukua mateka mapadre na masista wa Delen, Januari 1883 likaiteka El Obeid. Nyumba ya Khartoum ilihamishiwa Cairo kabla hatari haijafika. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikaanguka. Gordon aliuawa, na konsuli wa Austria, Martin Hansal, aliyekuja Sudani miaka zaidi ya 30 nyuma kuitumikia misheni ya Knoblehar, aliuawa pia. Kaburi la Comboni lilivunjwa. Mateka waliishi Omdurman kwa miaka; padre Joseph Ohrwalder alitoroka na masista wawili mwaka 1891 kwa ngamia hadi Misri. Baada ya Waingereza na Wamisri kuirudisha Sudani mwaka 1898, wamisionari walirejea, wakakusanya mabaki machache ya askofu na kuyapeleka Verona.

Kutoka Khartoum iliyofufuka warithi wake walipanda mto. Mwaka 1910 walikuwa kaskazini mwa Uganda, mwaka uliofuata Gulu. Huko kaskazini, katika kijiji cha Paimol, vijana wawili wa Kiacholi, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa mwaka 1918 wakiwa makatekista, Jildo akiwa bado mtoto. Walitangazwa wenyeheri Oktoba 2002, na mwaka uliofuata, tarehe 5 Oktoba 2003, Papa Yohane Paulo II akamtangaza Comboni mtakatifu.

Kenya waliifikia katika miaka ya 1970, kwanza kwa Wapokot na kwa mitaa ya mashariki ya Nairobi. Huko Nairobi, mtu anayepanda matatu ya barabara ya Outer Ring kuelekea kaskazini hufika Kariobangi, penye Parokia ya Utatu Mtakatifu ambayo wamisionari wa Comboni wameihudumia kwa miongo mingi. Ng'ambo ya pili ni Korogocho, kando ya dampo la Dandora, na kanisa la Mtakatifu Yohane. Padre Alex Zanotelli, aliyekuwa mhariri wa *Nigrizia*, jarida la shirika hilo lililoanza Verona mwaka 1883, aliishi Korogocho miaka ya 1990, katika chumba cha mabati kama majirani zake, na jumuiya ndogondogo za Kikristo za hapo ziliendeshwa na wakazi wenyewe, wengi wao waokotaji wa dampo.